Mama Aliyekataa Goli la Mulongwe

Mkunga alimfukuza, tena mbele ya watu.

"Mama Léa, hapa si malisho ya ng'ombe," alisema, mikono kiunoni. "Tangu asubuhi unatoka mlangoni unaenda kwenye pipa la maji, unatoka kwenye pipa unarudi mlangoni. Wagonjwa wengine wamepata kizunguzungu kwa kukuangalia. Toka, utembee huko inje."

Mukabera alimtazama bintiye kitandani, akitumaini kwamba yeye atamtetea. Léa alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, jasho likimtiririka hadi masikioni. Mimba hiyo ilikuwa ya kwanza, na uchungu ulikuwa umeanza kabla jogoo hajawika.

"Nenda, mama," Léa alisema kwa pumzi fupi. "Unanichosha."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya mkunga. Mukabera alijifunga vizuri kitenge chake, akachukua fimbo yake iliyoegemea ukutani, akatoka.

Alikuwa ameshuka kutoka milima ya juu, kwa miguu, kwa ajili ya siku hii tu. Nyumbani aliacha ng'ombe, mume mwenye kikohozi, na kanisa ambalo yeye ndiye kiongozi wa wamama wake. Watu wa huko walimkataza. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya pili nchini, waasi wakitawala mji wa Uvira na watu wengine wenye bunduki wakitawala misitu, na mtu aliyeshuka hakuwa na hakika ya kupanda tena. Lakini Mukabera alikuwa na kitu chake moyoni. Alipokuwa msichana mdogo, miaka michache tu baada ya uhuru, wakati wa maasi ya Mulele, familia yao ilikimbia na ng'ombe usiku na mchana. Mama yake alishikwa na uchungu njiani. Mtoto alizaliwa kando ya njia, akalia mara moja, akanyamaza. Baba alipanga mawe juu yake, wakaendelea na safari. Mama hakuwahi kulizungumza hadi alipokufa. Tangu hapo, Mukabera akisikia mwanamke anazaa mahali penye bunduki, miguu yake haikubali kutulia.

Nje ya kituo cha uzazi, mkwe wake Semana alikuwa ameketi juu ya tofali. Alisimama alipomwona, akageuza uso pembeni kama adabu inavyotaka, akaongea na ukuta.

"Mama, tafadhali usiende mbali. Mji haujatulia."

"Siendi mbali," alijibu Mukabera, naye akiongea na ukuta uleule. "Natembea tu."

Alitembea. Alishuka kutoka Rugenge, mtaa wa juu penye kituo, ziwa likimwakia machoni, akafuata barabara bila kujua anaenda wapi. Mara mbili aligeuka kurudi, mara mbili akakumbuka neno la Léa, akaendelea. Mchana ule wa Jumapili maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Wanajeshi wawili walikuwa wamelala juu ya gari lao dogo, kofia usoni. Alipokaribia mto Mulongwe alisikia kelele za watu wengi, akasimama kama aliyegonga ukuta. Watu walikuwa wanakimbia. Aliinua fimbo, akatafuta pa kukimbilia, ndipo akagundua kwamba wale watu walikuwa wanakimbilia kwenye kelele, na walikuwa wanacheka.

Aliwafuata. Hakujua kwa nini. Miguu ilikuwa inataka mahali pa kwenda, basi akaipa.

Kando ya mto, mahali ambapo mafuriko ya mvua yaliyopita yalibomoa nyumba na kuacha kokoto, vijana walikuwa wamesawazisha uwanja. Magoli yalikuwa miti ya mikalitusi isiyo na nyavu. Na ndani ya uwanja, wasichana ishirini na kitu walikuwa wanafukuza mpira, wamevaa kaptula.

Mukabera alishika mdomo. Kiongozi wa wamama wa kanisa, aliyekemea wasichana kwa kufunga kitenge kifupi, alikuwa amesimama mbele ya mapaja ya watoto wa watu! Aligeuka kuondoka. Hapo mpira ulitoka uwanjani, ukabingirika hadi ukagonga mguu wake. Msichana mmoja mwembamba, namba kumi na moja mgongoni, alikuja mbio.

"Mama, tusaidie," alisema, akipiga goti kidogo kwa heshima, kaptula na yote.

Mukabera aliuokota mpira akampa kwa mikono miwili, kama anavyotolewa mtoto. Msichana alishukuru, akaenda. Na Mukabera akabaki, maana sasa ilionekana aibu kuondoka.

Lakini abaki wapi? Upande wa ziwa walisimama watu wa mtaa wa Mulongwe, wenye mabeseni na vibidoni vya plastiki vya kupiga. Upande wa milima walisimama watu wa Nyakabere, waliokuja kutoka bonde la Ruzizi juu ya lori la mihogo, na ngoma yao moja. Katikati, nyuma ya kona, hapakuwa na mtu isipokuwa yeye.

"Wee mama wa fimbo!" mwanamke mmoja alimwita kutoka upande wa Mulongwe. "Umesimama kama mti wa goli. Uko wetu ao uko wao?"

"Siko wa mtu," alijibu Mukabera. "Minye nangoja mtoto wangu azae, nimefukuzwa."

Vicheko vililipuka. Yule mwanamke alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki wadogo wa ndagala sokoni, na kweli ndiyo kazi aliyoifanya. Aligeuza beseni lake akalipigapiga.

"Kuja ukae hapa. Minye naitwa Marie-Rose. Lakini sikia: anayekaa kwa beseni yangu anashangilia timu yetu, Espoir ya Mulongwe. Ule namba kumi na moja ni wangu, Apolline."

"Nitakaa," alisema Mukabera, "lakini kushangilia sijui."

Marie-Rose alimtazama usoni kwa muda, pua ile ndefu, fimbo ile, matamshi yale. Mukabera alilijua tazamo hilo. Tangu aingie mjini alikuwa amelipokea sokoni, kisimani, hata kanisani. Ni tazamo la mtu anayehesabu wewe ni wa kina nani, na wa kina nani wamemfanyia nini, kwani mjini watu wa milima ya juu walihesabiwa pamoja na waasi. Alikaza fimbo, tayari kuinuka.

"Kaa basi," Marie-Rose alisema mwishowe. "Beseni haijui kabila."

Alikaa. Hakukaa sana. Kila baada ya muda mfupi aliinuka kutazama barabara ya Rugenge, kana kwamba angeweza kumwona Léa kutoka pale, kisha alikaa tena, na beseni lililia chini yake.

"Mama, weye uko na siafu?" Marie-Rose aliuliza.

"Ni roho."

"Basi iambie roho iangalie mpira. Ona! Ona Apolline wangu!"

Mukabera aliangalia. Mwanzoni aliona vumbi na makelele. Baadaye kidogo alianza kuona watu. Aliona kepteni wa Nyakabere, msichana mrefu asiyekimbia ovyo, ambaye akinyoosha mkono tu wenzake wanaenda huko. Aliona golikipa wao, mnene, mwenye kutafuna muwa mpira ukiwa mbali. Aliona mwamuzi, mwalimu mmoja aliyeitwa Révérien, akipuliza kipenga huku soksi zikimshuka. Kisha kepteni wa Nyakabere alipokea mpira kifuani, akauteremsha taratibu, akaupiga ukaingia golini chini kabisa, na Mukabera alijikuta anapiga makofi.

Upande mzima wa Mulongwe ulimgeukia.

"Mama!" Marie-Rose alishtuka. "Ile goli ni yao!"

"Lakini ameupiga vizuri."

"Atapiga vizuri siku nyingine! Si leo!"

Dakika chache baadaye Apolline aliwapita wasichana watatu kama maji yanavyopita mawe, na Mukabera alimpigia makofi vilevile, kwa mikono ileile. Marie-Rose alitikisa kichwa. "Huyu mama ni wa ajabu. Anapigia makofi adui na rafiki."

"Minye sioni adui hapa," alisema Mukabera. "Naona batoto wanacheza."

Alishangaa kusikia amesema "wanacheza" bila kukemea. Kisha roho ikampanda tena. Jua lilikuwa limeanza kuelekea milimani, na Léa alikuwa kule peke yake na wageni. Safari hii aliinuka kabisa. Alimuaga Marie-Rose kwa mkono na kuanza kuzunguka nyuma ya goli la Nyakabere, njia fupi ya kurudi barabarani.

Alikuwa amefika pembeni ya mti wa goli pale Apolline alipochomoka. Mukabera alimwona anakuja moja kwa moja, nywele zimejaa vumbi, macho makubwa. Golikipa alitupa muwa. Apolline alipiga. Mpira ulipita, ukaenda kugonga kokoto za mto.

Mulongwe yote iliruka. "Goli! Goli!" Vibidoni vililia. Nyakabere yote nayo ilivamia uwanja: "Inje! Imepita inje ya mti!" Bila nyavu, nani angejua? Révérien alikuwa nyuma sana, soksi moja mkononi. Watu walimzingira, huyu akimvuta bega, yule akimvuta kipenga. Mtu alichota kokoto. Mwingine naye akachota.

"Ngojeni!" Révérien alipaza sauti. "Ni nani alikuwa karibu na goli? Ni nani ambaye si wa huku wala wa kule?"

Kila jicho lilimwangukia Mukabera. Alikuwa amesimama palepale, mkono wake karibu ugusane na ule mti.

Mwalimu alimkaribia, akamwinamia. "Mama, nakuomba. Mpira ulipita ndani ao inje?"

Mukabera alimtazama Apolline. Mtoto alikuwa anahema, mikono magotini, akimwangalia kwa matumaini kama mtu wa nyumbani. Alimtazama Marie-Rose, aliyekwisha kuinua mikono juu kushangilia. Angeweza kusema hakuona. Angeweza kusema macho yake ni ya kizee.

"Ulipita inje," alisema. "Upana wa kiganja."

Kisha Nyakabere wakapiga ngoma yao, na Mulongwe wakaanza kupiga mayowe. Marie-Rose alikuja mbio, matiti yakiruka, kidole mbele.

"Weye! Nimekupa beseni yangu! Nimekukalisha! Na unauza mutoto yangu?"

"Dada, nisamehe, lakini nimeona..."

"Umeona nini? Umeona nini na macho yako ya kule juu?"

Kabla Mukabera hajajibu, mlio ulisikika kutoka mlimani. Mmoja, mkavu. Kisha mingi kwa pamoja, kama mahindi yanayopasuka chunguni.

Hakuna aliyeuliza. Watu wa Uvira walikuwa wamezoea kulala chini kwa namna walivyozoea kula. Uwanja mzima ulilala: wasichana, mwalimu, wenye ngoma, wenye vibidoni, Mulongwe juu ya Nyakabere. Mukabera alikuwa na uso kwenye vumbi na mkono wa Marie-Rose mgongoni mwake, ukimkandamiza. Risasi zilitulia, zikaanza tena, upande wa juu wa Rugenge.

"Léa," alisema. Alianza kuinuka.

"Lala, mama!"

"Mtoto wangu iko kule!"

Aliinuka, akaanza kukimbia, kitenge mkononi. Hakujua njia kutoka pale. Alikimbilia kichochoro cha kwanza, kikamleta kwenye ukuta. Alirudi. Watu walikuwa wanatawanyika kila upande, akasukumwa, fimbo ikamponyoka. Ndipo mkono mnene ulimkamata.

"Si huko," alisema Marie-Rose, akitweta. Apolline alikuwa nyuma yake, bado na kaptula na namba yake. "Huko utakufa bure. Kuja huku. Usiseme kitu njiani, sikia? Weye ukisema tu, watajua unatoka wapi."

Walikwenda wote watatu nyuma ya nyumba, wakiruka mifereji na kamba za nguo. Mukabera hakuuliza kwa nini mwanamke aliyemtukana sasa hivi anamvuta. Alikimbia tu.

Mahali ambapo njia inapanda kwenda Rugenge, vijana walikuwa wamefunga kwa mawe na gurudumu kuukuu. Walikuwa na marungu na hasira. Wanajeshi wa waasi walikuwa wamepita hapo asubuhi wakikamata vijana wenzao, na sasa milio ile ilikuwa imewapa ujasiri.

"Simama! Mama, huyu ni nani?" mmoja aliuliza, akimwonyesha Mukabera kwa rungu.

"Ni dada yangu mukubwa," alisema Marie-Rose. "Tupishe."

"Mukubwa wako? Na uso huo?"

Mukabera aliinamisha kichwa. Kijana wa pili alisogea, akamkagua, kisha akapiga kelele.

"Namujua! Huyu ndiye alikataa goli yetu! Nilikuwa pale. Mwalimu alimuuliza, akasema inje. Si mutu wa huku! Aliletwa kutuharibia!"

Vijana walisogea karibu zaidi. Apolline aliingia katikati, mkono kifuani pa yule kijana, vumbi la uwanja bado limeganda miguuni.

"Unanijua minye?"

"Nakujua. Namba kumi na moja."

"Minye ndiye nilipiga ule mupira," alisema Apolline. "Ulipita inje. Niliuona vile ulitoka mguuni. Mama huyu amesema kweli."

Kijana aliyumba kidogo. Alimgeukia Marie-Rose, kama anayetafuta mtu mzima wa kumrudisha kwenye hasira yake. "Mama Apolline, weye unasema nini? Si ilikuwa goli?"

Marie-Rose, aliyekuwa akipiga mayowe uwanjani hadi mishipa ya shingo ikasimama, alinyoosha mgongo.

"Nilikuwa pale pale," alisema polepole. "Niliona na macho yangu. Ilipita inje. Sasa toa gurudumu lako, kuna muntu anazaa kule juu."

Wale vijana walitazamana. Mmoja alisogeza gurudumu kwa mguu. Walipita bila kukimbia, kwa sababu Marie-Rose alimfinya Mukabera mkono kila alipotaka kuharakisha. Walipokata kona ndipo wote watatu walianza kukimbia tena, na Apolline akaanza kulia huku akikimbia.

Kituoni, mlango ulikuwa umefungwa kwa meza. Semana aliwafungulia. Safari hii alisahau adabu, alimtazama mama mkwe wake usoni, na Mukabera aliona kwamba amelia.

"Nini? Semana, nini?"

"Yuko chini," alisema. "Mkunga amemlaza chini kwa sababu ya madirisha."

Mukabera alisukuma mlango wa ndani. Léa alikuwa kwenye sakafu, juu ya godoro, mweupe midomoni. Mkunga alikuwa amepiga magoti kandoni mwake, mikono hadi viwikoni ikiwa na damu. Na kifuani pa Léa, chini ya kitenge, kitu kilikuwa kinasogea.

"Msichana," alisema mkunga bila kugeuka. "Alilia sana, hata nikafikiri watamsikia kule mlimani. Mama yake amepoteza damu nyingi, lakini imesimama. Kaa hapa. Sasa nakubali utembee, lakini tembea na maji ya moto."

Mukabera hakutembea. Alikaa sakafuni. Alitia kidole kwenye kiganja kile kidogo, na kiganja kikakifunga. Mtoto alikunja uso, akalia tena, na Mukabera akamwambia kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani, alie, alie tu, asinyamaze. Léa aligeuza kichwa.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Kwenye mpira."

Léa alimtazama, akafikiri ameota.

Milio ilikwisha kabla jua halijazama. Ilisemekana ni wanajeshi wenyewe waliogombana. Ilisemekana pia ni watu wa msitu waliojaribu kuingia mjini. Ukweli haukuwahi kujulikana. Marie-Rose alikuwa barazani, akifunga kitenge, kwa sababu saa ya amri ya kutotembea usiku ilikuwa inakaribia. Apolline alikuwa amevaa koti la Semana, likimfika magotini.

"Dada," alisema Mukabera. "Pale njiani. Kweli uliona mpira umepita inje?"

"Minye?" Marie-Rose alicheka kwa mara ya kwanza tangu goli. "Nilikuwa nyuma ya watu wote, na mtu amenikanyaga kidole. Sikuona hata vumbi."

Mukabera alimgeukia Apolline. Msichana aliinamisha macho, akakunja mikono ya koti.

"Nilifunga macho wakati wa kupiga," alisema. "Kocha ananikemea kila siku."

Mukabera hakujua acheke au alie. Aliwashika wote wawili, mmoja kila mkono, na walisimama hivyo hadi Semana alipowakumbusha saa.

Kamati ya ligi iliamua mchezo umalizwe Jumapili iliyofuata, kwa dakika zilizobaki. Mukabera alikuwa ameahidi nyumbani kurudi kabla ya siku hiyo. Hakurudi. Léa alikuwa ameanza kukaa na kula ugali, mtoto alikuwa ananyonya kwa kelele, na Jumapili baada ya ibada Mukabera alitoka bila kuulizwa anaenda wapi.

Nyakabere hawakuja. Révérien alisubiri na kipenga chake, wasichana wa Mulongwe walisubiri wakinyoosha miguu, watu walisubiri. Lori la mihogo halikuonekana. Mtu mmoja aliyetoka huko alisema barabara ya bondeni imefungwa tangu Alhamisi na kwamba kijiji kiko kimya. Kanuni ilisema asiyefika ameshindwa. Révérien alipuliza, Apolline akauchukua mpira na kuupeleka polepole hadi kwenye goli tupu, akausukuma ndani. Vibidoni havikupigwa. Marie-Rose, ambaye timu yake ilishinda, alikaa juu ya beseni lake akitazama barabara ya kaskazini.

"Yule mnene wao," Mukabera aliuliza, "yule wa muwa. Anaitwa nani?"

"Sijui," alisema Marie-Rose. "Sikuwahi kuuliza."

Mukabera alipanda milima siku mbili baadaye pamoja na wafanyabiashara wa chumvi. Habari za wale wasichana wa Nyakabere zilimfikia huko juu miezi mingi baadaye, wakati wa mvua, kwa kinywa cha mchungaji wa kanisa aliyetoka bondeni: wengi wao walivuka mto Ruzizi usiku, wako kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Burundi, wanacheza kila Jumapili. Wawili hawakuvuka. Mchungaji hakujua ni akina nani.

Mukabera alimshukuru, akampa maziwa. Kisha akatoka nje, akazunguka zizi, akalizunguka tena, hadi mumewe alipomwita aingie, mvua inanyesha.